Kutoka Nkende hadi Mugumu

Mtihani wa kidato cha sita huisha Mei, vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Katikati hapo wenzangu wengi waliitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, mafunzo yaliyorejeshwa mwaka 2013. Wengine walipangiwa kambi ya Rwamkoma, humu humu mkoani Mara. Jina langu halikuwemo. Waliobaki, baadhi walikwenda Sirari kuendesha bodaboda, baadhi Nyamongo kutafuta magwangala, yaani mawe ya mabaki ya mgodi. Mimi nikapata shule ya kata jirani na Mugumu iliyohitaji mtu wa kujitolea kufundisha hisabati, kwa posho ndogo na chumba cha kulala.

"Mura, ukafundishe vizuri watoto wa watu," baba aliniambia asubuhi ya safari, huku Nkende bado ikiwa na baridi yake ya Julai. Nilikuwa nimesoma Tarime tangu shule ya msingi. Mto Mara sikuwahi kuuvuka.

Mchomoko, gari dogo la abiria, ulijaa kabla ya jua kupanda. Tukaiacha migomba, tukapita Nyamwaga, kisha Nyamongo. Pale milima ya vifusi vya mgodi wa North Mara huonekana kabla ya nyumba za watu. Vijana wa rika langu walikaa kandokando ya barabara na viroba vyao. Nilimtambua mmoja, tulikaa naye dawati moja. Alikuwa mkali wa fizikia kuliko mimi. Gari halikusimama. Naamini kabisa kwamba kijana yule alistahili ubao na chaki, na kwamba shule zetu zilimhitaji kuliko yale mawe yalivyomhitaji.

Kisha daraja. Maji ya Mto Mara, yanayotoka misitu ya Mau nchini Kenya, yalikuwa ya kahawia na mapana kuliko nilivyodhani. Juu kidogo ya mto huo huo, Kogatende, watalii huja kutoka Ulaya na Marekani kuona nyumbu wakivuka. Sisi tuliozaliwa mwendo wa saa chache tu kutoka hapo tulikuwa tunavuka na magunia ya mahindi, na nilitamani gari liende polepole.

Mugumu niliikuta ina joto na vumbi. Mkuu wa shule alinipokea kwa chai, akaniuliza kama naziweza pia mada za fizikia. Nikajibu naweza. Jioni ile ile akanikabidhi kidato cha pili, mikondo yote miwili.