Ufunguo wa Usingizi

Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika makala haya nakusudia kuupima usemi huo kwa jambo ambalo wahenga wenyewe hawakulidhania, nalo ni usingizi unaoendeshwa na mitambo. Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa fasihi ana haja gani na mitambo. Jibu langu ni kwamba fasihi, simulizi na andishi, haijachoka kuuliza ni nani aliyeshika ufunguo wa ghala, wa lango na wa pingu. Leo swali hilo limeingia chumbani na kupanda kitandani.

Mimi ni mzaliwa wa Mai Mahiu, mji ulio chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo barabara itokayo Nairobi hugawanyika, moja ikielekea Naivasha na nyingine Narok. Kwa lugha ya Agikuyu, jina hilo lina maana ya maji ya moto. Ni mji wa madereva wa malori. Jioni ikiingia, malori hujipanga kando ya barabara na gesti hujaa. Dereva hulipia usiku mmoja, hupewa ufunguo, hujifungia kwa ndani na kulala. Kwa hiyo, kulipia usingizi si jambo geni kwetu. Hata hivyo, naomba jambo moja lizingatiwe: dereva akishalipa na kujifungia, mwenye gesti hana njia ya kumvua blanketi usiku wa manane.

Sasa tutazame mtambo wa kwanza. Kampuni ya Marekani iitwayo Eight Sleep huuza tandiko la kufunika godoro, ambalo ndani yake hupita maji ya moto au ya baridi kulingana na mwili wa mlalaji. Bei yake hupita dola 2,000. Fauka ya hayo, mnunuzi hutakiwa kulipa ada ya kila mwaka, kuanzia takribani dola 200, ili tandiko liendelee kujirekebisha lenyewe usiku kucha. Akili ya tandiko haimo chumbani mwa mlalaji. Imo katika tarakilishi za mbali, zinazofikiwa kwa intaneti. Tarehe 20 Oktoba 2025, tarakilishi za kampuni ya Amazon zilizoko Virginia zilipata hitilafu, na huduma nyingi duniani zikakwama. Miongoni mwa waliotaabika ni wenye matandiko hayo. Baadhi walijikuta juu ya vitanda vilivyozidi joto, na wengine vitanda vyao viligoma kushuka baada ya kuinuliwa upande wa kichwani. Mkuu wa kampuni aliomba radhi, na baadaye ikatolewa njia ya kuliendesha tandiko kwa rununu iliyo karibu, bila intaneti. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini lilidhihirisha kwamba njia hiyo iliwezekana tangu awali, ila ufunguo haukuwa mikononi mwa aliyelala.

Mtambo wa pili ni wa watu wa hali ya chini zaidi. Kuna swichi na soketi za bei nafuu zenye kijisehemu kiitwacho ESP8266, kilichobuniwa na kampuni ya Espressif ya Shanghai. Kwa kawaida, swichi hizo hupokea amri kupitia kwa seva za mtengenezaji. Mholanzi Theo Arends aliandika programu iitwayo Tasmota, ambayo hupachikwa ndani ya swichi mahali pa ile ya kiwandani. Tangu hapo swichi humtii mwenye nyumba, humohumo nyumbani, bila kubisha hodi ng'ambo. Programu hiyo ni huria: yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuibadilisha na kumgawia jirani. Aidha, wapo waandishi wa programu waliokwisha kutunga programu huria ya kuliendesha lile tandiko la Eight Sleep bila seva za kampuni.

Mambo haya yangebaki kuwa hadithi za mbali kama si yaliyotupata. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiwa na magogo na taka katika handaki lililo chini ya reli ya zamani yalipasua njia, yakateremka kwa kishindo na kuua makumi ya watu, wengi wakiwa vitandani. Nyumba ya shangazi yangu ilisalimika, lakini tangu siku hiyo hawezi kulala gizani. Hutaka mwanga wa kumwonyesha sakafu pindi akishtuka, ahakikishe ni kavu.

Taa yake ni ya sola, ya mkopo unaolipwa kila siku kwa rununu. Kipindi fulani biashara yake ya mboga ilizorota, siku mbili zikapita bila malipo, na taa ikafungwa kutoka mbali. Betri ilikuwa imejaa. Alikesha akiwa ameketi kitandani, miguu juu. Nilipomtembelea aliniuliza, "Mwanangu, jua ni la Mungu, paa ni langu. Sasa giza hili ni la nani?" Sikuwa na jibu.

Hata hivyo, haki itendeke. Pasipo mkopo huo shangazi angekuwa angali na koroboi, kwa maana hakuwa na fedha za kununua sola kwa mara moja, wala benki ya kumwamini. Isitoshe, deni lake lina mwisho: siku atakapolipa sehemu ya mwisho, taa itafunguliwa moja kwa moja na kuwa yake. Ada ya lile tandiko haina siku kama hiyo. Kwa hivyo si kila malipo ya kidogo kidogo ni utumwa. Tofauti iko katika mambo mawili: iwapo malipo yana kikomo, na iwapo mwuzaji anaweza kukuzimia chombo ukiwa usingizini, wakati usipoweza kujitetea.

Uhuru nao una gharama zake. Binamu yangu, fundi wa rununu hapa mjini, amepachika Tasmota katika soketi ya nyumbani kwao. Saa tisa za usiku taa ya ukumbini hujiwasha mama yake aamkapo kumeza dawa, hata kama bando za intaneti zimekwisha. Lakini alikesha siku nyingi akisoma maelekezo ya Kiingereza, kamusi mkononi. Akisafiri, hakuna mwingine nyumbani awezaye kuirekebisha. Jirani aliyetaka kumwiga alikata tamaa katika ukurasa wa kwanza. Ufunguo upo na hauuzwi, lakini umeandikwa kwa lugha ambayo wengi hawaifungui.

Hapa ndipo sisi wana wa Kiswahili tunapohusika. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kuitafsiri programu huria ya OpenOffice, nayo ikatoka kwa jina la Jambo OpenOffice. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba istilahi si kikwazo pakiwa na nia. Vyama vyetu vya Kiswahili huandaa makongamano na kughani mashairi, na hayo ni mema. Napendekeza tuongeze jukumu moja: kila mwaka tutafsiri mwongozo mmoja wa programu huria, kwa Kiswahili ambacho fundi wa Mai Mahiu na mteja wake watakielewa, na tuugawe bure.

Kiswahili chenyewe ni mali ya namna hiyo. Hakuna alipaye ada ili akiseme, wala seva iwezayo kumfungia mzungumzaji kinywa. Kila kizazi kimeirekebisha lugha hii na kumkabidhi anayefuata. Aliye na mali kama hiyo hana udhuru wa kuwaacha wenzake walale gizani kwa kukosa kurasa chache za maelezo. Kwa upande wangu, nimekwisha kuanza na ule ukurasa wa kwanza uliomshinda jirani.