Koroboi, Sufuria na Sura ya Magokoro

Mjini Ogembo, yaliyokuwa makao makuu ya Wilaya ya Gucha na sasa ni sehemu ya Kaunti ya Kisii, kupigwa picha ni shughuli ya dakika tano. Mteja huingia studioni, huketishwa juu ya stuli mbele ya pazia, huambiwa ainue kidevu, taa ya kamera humulika ghafla mithili ya radi, na kabla hajamaliza kupepesa macho amekwisha kuwa picha ya pasipoti. Sura itokayo humo huwa bapa kama sinia. Nuru iliyotoka mbele, pale pale ilipo lenzi, imefuta kila kivuli, na pamoja na vivuli imefuta makunyanzi, mashavu na umri. Kwa mahitaji ya ofisini hilo halina neno. Tatizo huzuka pale ambapo picha hiyo ya ofisini ndiyo ya pekee aliyo nayo mtu. Si wazee wachache wa Gusii wanaofikia matanga yao wakiwa wameacha picha moja tu, ile ya kitambulisho, ambayo hukuzwa hata ikachakaa kama kitambaa kilichofuliwa mno, kisha ikabandikwa kwenye jalada la kijitabu cha mazishi.

Kulikuwa na kijana mmoja, mwenyeji wa vilima vilivyo juu ya Mto Gucha, aliyekusudia kwamba magokoro wake asizikwe kwa picha ya kitambulisho. (Magokoro ni nyanya kwa Ekegusii, na hapa neno hilo litaachwa kama lilivyo, maana "bibi" halimtoshi.) Kijana huyo hakuwa na taa za studio wala miavuli ya kutawanyia nuru. Alichokuwa nacho ni simu yenye kioo kilichopasuka pembeni, jioni zake mwenyewe, na nyumba ya ajuza huyo pamoja na kila kitu kiwakacho ndani yake.

Na vitu hivyo havikuwa vichache. Sebuleni ilining'inia balbu moja, iliyofika baada ya mradi wa serikali wa kusambaza umeme vijijini ulioanza mwaka 2015. Mezani palikuwa na taa ya sola. Juu ya kabati kulikuwa na taa ya chemni ambayo kioo chake kilikuwa kimefukizwa moshi upande mmoja. Jikoni, katika nyumba ndogo ya kando, kulikuwa na koroboi ya mkebe na utambi wa pamba, na moto wa mafiga. Mtu asiyepiga picha angeona humo taa tano za kuondolea giza. Mpigapicha aliona rangi tano. Mwali wa mshumaa au wa koroboi una joto la rangi la kelvini 1,900 hivi, balbu ya waya 2,700, na jua la adhuhuri 5,500 au zaidi. Kadiri tarakimu inavyoshuka ndivyo nuru inavyoelekea wekundu wa kaa la moto, na inapopanda huelekea samawati. Jicho la binadamu husamehe tofauti hizo, kamera haisamehe. Jaribio lake la kwanza, lililochanganya dirisha la alasiri na balbu ya sebuleni, lilimfanya magokoro awe na shavu moja la samawati na jingine la manjano, kama ambaye nusu yake imo ndani ya friji. Tangu siku hiyo akajifunza kuzima kabla ya kuwasha: achague taa moja, nyingine zote zilale.

Jambo la pili alilojifunza ni umbali. Taa ndogo ikisogezwa kutoka mita moja hadi mita mbili, nuru inayomfikia mtu haipungui kwa nusu bali hubaki robo. Kanuni hii imo katika vitabu vya fizikia vya shule ya upili, ambako wengi huikariri ili wapite mtihani na kuisahau. Jikoni ilikuwa na faida yake. Koroboi ikiwekwa karibu kabisa na uso, ukuta wa nyuma hutoweka gizani, pamoja na madebe, kuni na masizi yote, bila kufagia wala kutundika pazia. Umaskini wa chumba hufichwa na udogo wa taa yenyewe. Hiyo ni zawadi ambayo taa kubwa za studio, kwa nguvu zake zote, haziwezi kuitoa mpaka zizibwe kwanza.

Vifaa vingine alivitoa kabatini. Shuka jeupe lililotundikwa mbele ya balbu liliigeuza nukta kali ya nuru ikawa dirisha pana na laini. Sufuria iliyosuguliwa kwa jivu, ikishikwa upande wa pili wa uso, ilirudisha nuru kidogo kwenye shavu lililokuwa gizani. Chujio la chai mbele ya tochi lilitupa ukutani matundu ya mwanga kama samaki wadogo. Tochi ikipitishwa nyuma ya glasi ya maji ilichora mawimbi. Kwa balbu yenyewe ilimlazimu ajihadhari, kwa sababu umeme wa Kenya hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde na taa nyingi hupepesa mara 100, kasi ambayo macho hayaioni ila simu huiandika kama milia inayokatiza picha. Dawa yake ni kuipunguza kasi ya kamera hadi sehemu moja ya 100 au ya 50 ya sekunde. Kwa koroboi kasi ilibidi ishuke zaidi, na simu ikaegemezwa kwenye kinu ili isitikisike.

Alifanya mazoezi kwa vinyago vya mawe ya Tabaka, maana jiwe halichoki kukaa kimya. Mawe hayo laini ya Kisii, meupe, ya maziwa au ya waridi, yakimulikwa kutoka mbele huonekana kama sabuni. Yakimulikwa kutoka ubavuni, taa ikiwa chini na karibu, kila alama ya patasi na msasa hujitokeza, na mkono wa mchongaji huonekana.

Ngozi ya binadamu ilikuwa somo jingine. Ikumbukwe kwamba filamu za rangi za Kodak kwa miaka mingi zilisawazishwa kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na nyuso nyeusi zikawa zinatoka kama makaa yenye meno. Kijana wa Ogembo hakuwa na haja ya kubishana na Kodak. Aligundua mwenyewe kwamba uso mweusi hujengwa zaidi na mng'ao kuliko na kivuli: kidogo cha mafuta mashavuni, shuka pana lenye nuru upande mmoja, na mifupa yote ya uso huja juu yenyewe.

Haya si maajabu mapya. Mfaransa Georges de La Tour alichora watu wakimulikwa na mshumaa mmoja katika karne ya 17. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alitegemea nuru ya ua wa nyumba na shuka la kitanda kama pazia la nyuma, na picha zake leo hutundikwa kwenye majumba ya sanaa ya dunia. Stanley Kubrick, alipotaka kupiga filamu ya Barry Lyndon (1975) kwa mishumaa, ilimlazimu atumie lenzi za Zeiss zilizobuniwa kwa ajili ya shirika la anga la Marekani. Leo simu ya kawaida hukusanya picha kadhaa za gizani na kuziunganisha kuwa moja, na ajuza wa Gucha hupigwa picha kwa utambi bila msaada wa wanaanga.

Hata hivyo, picha iliyompendeza kijana kuliko zote ndiyo iliyozua mtafaruku. Usiku mmoja aliiweka koroboi sakafuni, magokoro ameinama juu yake akipepeta maharagwe. Nuru ilipanda kutoka chini. Kidevu kiling'aa, matundu ya macho yakajaa giza, na kivuli cha kichwa kikapanuka ukutani hadi darini. Kwa vipimo vya sanaa ilikuwa picha kabambe. Alimwonyesha.

Ajuza aliitazama kwa muda mrefu. "Ifute," akasema.

"Magokoro, hii ndiyo nzuri kuliko zote."

"Umenifanya omorogi. Ikifika kwa watu, nani atauliza taa ilikuwa wapi?"

Omorogi ni mchawi, na hapa msomaji asicheke. Mwezi Mei mwaka 2008 watu 11, wengi wao wakongwe, waliuawa kwa kuchomwa moto na makundi ya watu katika eneo la Kisii kwa madai ya uchawi. Mwezi Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti hiyo hiyo, wanawake wanne wakongwe waliuawa kwa madai yayo hayo. Mvi, macho mekundu kwa moshi wa kuni na kuishi peke yake vimewahi kutosha kuwa ushahidi. Picha moja ikitumwa kwenye kundi la simu za wanakijiji haihitaji maelezo ili iwe kesi. Kiswahili chenyewe kimeliweka jambo hili katika neno moja: mwanga katika ngeli ya U-I ni nuru, na mwanga katika ngeli ya A-WA ni mchawi achezaye usiku. Wanaleksika huwapa wanafunzi mfano huo kama homonimu tu. Jikoni kwa magokoro, umbali kati ya maana hizo mbili ulikuwa ni urefu wa stuli: koroboi sakafuni, wa pili, koroboi juu ya stuli, wa kwanza.

Kijana aliifuta picha mbele yake, kisha akaifuta tena kwenye pipa la simu ambako picha zilizofutwa husubiri, maana ajuza alikwisha kusikia kwamba pipa hilo lipo. Ndipo kazi ilipoanza upya, safari hii kwa masharti yake. Taa ikae juu ya macho, kama jua linavyokaa. Kitambaa cha kichwa kiwe kile cha kanisani. Mikono ionekane, kwa kuwa ndiyo iliyolima. Kijana alitundika taa ya chemni kwenye msumari wa mlangoni, akaigeuza ili upande wenye moshi umfunikie mwali mkali, akamwekea sufuria upande wa kushoto. Makunyanzi yote yalibaki, lakini sasa yalielekea chini kwa utaratibu kama makonde ya mlimani, na katika kila jicho palikuwa na kitone kimoja cha nuru.

Magokoro aliiangalia akaagiza nakala mbili zichapishwe mjini: moja ya ukutani, na moja ya kufungwa ndani ya leso na kuwekwa sandukuni, chini kabisa, pamoja na nguo aliyoiandaa. Kijana akamuuliza ile ya kitambulisho ifanyweje.

"Hiyo," akasema, "waachie serikali."