Kiungo Kilichotuhadaa



Ngazi ya nje ya nyumba yetu hapa Kisauni ndiyo itupelekayo juu tunakoanika nguo, na huko juu ndiko nyanya yao watoto apendako kukaa baada ya Alasiri kupunga upepo. Kwa miaka mingi ilikuwa na ukingo wa chuma wa kushikia. Lakini hewa ya chumvi haikihurumii chuma. Kutu iliula ukingo ule taratibu, mpaka siku moja nguzo mbili zikang'oka mkononi mwa mtoto.

Tulipouliza bei ya ukingo mpya, tuliona ni mzigo tusioweza kuubeba katika mwezi wa karo. Tukashauriana, mume na mke na wanetu wawili wakubwa, tukanunua mashine ya kuchomelea iliyokwisha kutumika. Kijana wetu alikuwa amesimama mara nyingi mlangoni mwa karakana akiwatazama mafundi, nasi tukadhani kutazama ni kujua. Tunayoyaeleza hapa ni makosa yetu wenyewe. Tunayatoa ili nyumba nyingine isiyarudie.

Kosa la kwanza lilikuwa la macho. Mashine ilikuja bila ngao ya uso, na kijana akavaa miwani ya jua. Dada yake alimshikia bomba, akageuza uso kando kila cheche zilipowaka, akiamini kwamba kutotazama kunatosha. Mchana ulipita salama. Usiku wa manane tukaamshwa na vilio: wote wawili walihisi kama waliotiwa mchanga machoni, machozi yakiwatiririka, hawawezi kuuvumilia hata mwanga wa taa. Hospitalini tulielezwa kuwa miali ya kuchomelea huunguza ngozi laini ya jicho kama jua kali liunguzavyo mwili, na kwamba maumivu hukawia saa kadhaa kabla ya kujitokeza. Alhamdulillahi, kwa dawa na giza la chumbani walipona siku ya pili yake. Tangu hapo hakuna anayewasha mashine pasipo ngao yenye kioo cheusi namba 10, na anayesaidia huvaa yake vilevile. Watoto wadogo hufungiwa ndani, kwa kuwa mtoto huvutwa na mwangaza ule kama nondo na taa.

Kosa la pili lilikuwa la mavazi. Binti yetu alifanya kazi na buibui lake, na jioni tukalikuta limetoboka vitundu kama kitambaa kilicholiwa na mende. Tuliona ni hasara ya nguo tu, hatukujua tumeponea wapi. Vitambaa vingi vya buibui ni vya nyuzi za kiwandani, ambazo zikipata moto huyeyuka na kugandamana na ngozi. Sasa huvaa koti la pamba nzito, mtandio wa pamba uliochomekwa ndani ya koti, viatu vilivyofunika miguu na glavu za ngozi. Ndoo ya maji na ya mchanga zipo karibu, na baada ya kazi hatuondoki mpaka nusu saa ipite, kwani cheche iliyojificha kwenye takataka huweza kuwaka watu wakiwa mezani.

Kosa la tatu ndilo lililokaribia kutuliza. Ukingo ulikamilika, tukaupaka rangi nyeusi, na majirani wakaja kuusifu. Mishono ilikuwa minene, imevimba, na kwa macho yetu unene ule ulikuwa ndio uimara. Siku ya nne, nyanya alikuwa akiteremka kuwahi Magharibi. Akaegemea ukingo kwenye kidato cha tatu kutoka juu, na kiungo kikakatika kwa mlio mmoja. Binti yetu alikuwa mbele yake kidato kimoja, akamdaka. Nyanya alikaa kitako pale pale ngazini, akavuta pumzi, kisha akatuuliza, "Wanangu, chuma hiki mlikigandisha kwa mate?" Tulicheka kwa haya, lakini usiku ule hatukupata usingizi.

Asubuhi tulimwendea fundi mmoja mzee wa mtaani, ambaye tangu mwanzo tuliona haya kumuuliza. Alikichukua kipande kilichokatika, akakigeuza juani, akatuonyesha. Mshono ulikuwa umebanduka mzima mzima kama ganda la kidonda, na chini yake bomba lilikuwa bado na kutu na rangi ya zamani. "Mmemwagia chuma juu ya chuma," alisema. "Kuchomelea si gundi. Ni kuviyeyusha vyuma viwili, pamoja na rodi, vikawa kitu kimoja. Uzuri wa juu hauwezi kukwambia kilichomo ndani."

Akatufunza, nasi tunayanakili kama tulivyoyapokea. Jambo la awali ni usafi: sugua kwa brashi ya waya au grenda mpaka chuma king'ae, na klampu ya ethi nayo ishike penye chuma kitupu. La pili ni kiasi cha umeme. Sisi, kwa kuogopa kutoboa bomba, tuliupunguza mno, na rodi ikawa inayeyuka yenyewe ilhali bomba halijayeyuka. Kwa rodi ya kawaida ya milimita 2.5, ampea huwa baina ya 60 na 90 hivi, na kiwango huandikwa kwenye pakiti, ambayo sisi tuliitupa bila kuisoma. La tatu ni umbali: ncha ya rodi isiwe mbali na chuma kupita unene wa waya wake. Rodi hufupika kadiri inavyoyeyuka, basi mkono hauna budi kuifuata, ukishuka polepole. Anayeanza huusahau mkono, mwali ukarefuka, na chuma kikatapakaa kando. Ukiwa sawa, utasikia sauti moja isiyokatika, kama ya bajia zinapotiwa mafutani.

"Na macho yako," aliongeza akimwambia kijana, "yasifuate mwangaza. Yafuate kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka, uone kama kimezigusa kingo zote mbili." Kabla ya kushona moja kwa moja, shikiza kwanza kwa nukta ndogo pande zote, kwa sababu chuma kikipoa hujikunja na kuvuta kazi ikaenda upande. Gaga jeusi liondolewe kwa nyundo na brashi kabla ya mshono wa pili, la sivyo hubaki limezikwa ndani. Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki alitukataza kabisa, maana moshi wake mweupe huleta homa na mtetemo jioni yake. Pipa lililowahi kutiwa mafuta halisogelewi na moto, hata likionekana tupu. Na waya wa ekstensheni ukunjuliwe wote, kwa kuwa ukiachwa umejiviringa hupata joto hadi kuyeyuka.

Kisha akatupa mtihani. Unganisha vipande viwili vya chuma chakavu, vibane kwenye jiliwa, upige kwa nyundo. Kipande kikipinda kabla mshono haujaachia, umefaulu. Kijana wetu alivunja vipande kwa Jumamosi tatu. Katika Jumamosi ya nne, bomba lilipinda na mshono ukabaki.

Hapo ndipo tulipoukata ukingo wote na kuuanza upya. Kijana alichomelea vyuma vya katikati, fundi amesimama ubavuni mwake. Nguzo za chini, zinazobeba uzito wa mtu, tulimwachia fundi mwenyewe, tukamlipa ujira wake kwa moyo mkunjufu. Tumejifunza kwamba kiti cha uani, kitasa cha lango na rafu ya sufuria ni kazi za kujizoezea nyumbani. Lakini mahali ambapo mwili wa mtu utaegemea ni amana, na amana hapewi anayejaribu.

Nyanya hakuupanda ukingo mpya kwa maneno yetu. Alimtaka kwanza baba yao watoto aning'inie kwenye kila nguzo mbele ya macho yake, naye akaning'inia. Ndipo alipokishika chuma, akapanda taratibu, na sasa kila Alasiri yuko juu na tasbihi yake.