Golikipa Aliyetoka Katika Kambi ya Mateka

Desturi ya golikipa ni kusahauliwa anapodaka na kulaumiwa anapokosa. Lakini Bert Trautmann alilaumiwa kabla hajadaka hata mpira mmoja.

Mtu huyo alizaliwa Bremen, Ujerumani, mwaka 1923. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa askari wa miavuli, akapigana na Warusi, na mwishowe akatekwa na Waingereza na kupelekwa kwao. Mwaka 1948, wenzake waliporejea makwao, yeye alichagua kubaki. Alifanya kazi shambani, na golini aliichezea timu ndogo ya St Helens Town.

Oktoba 1949 kilabu ya Manchester City ilimwandika. Watu wa Manchester, ambao mji wao ulikuwa umebomolewa kwa mabomu ya Wajerumani, walighadhibika. Maelfu waliandamana, na barua za hasira zikamiminika. Ndipo Rabi Alexander Altmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1938, alipoandika katika gazeti la mji kwamba si haki mtu mmoja kutwikwa makosa ya taifa zima. Naye kapteni wa timu, Eric Westwood, aliyepigana vitani Normandy, alimpokea kama mwenzake.

Trautmann hakujibu matusi kwa maneno. Alijibu kwa kazi. Utotoni alikuwa amecheza mpira wa mikono, kwa hiyo aliweza kuurusha mpira mbali sana na kumfikishia mwenzake barabara, jambo ambalo magolikipa wengi wa siku zile hawakulijali. Mwaka 1956 alichaguliwa Mchezaji Bora wa Uingereza, golikipa wa kwanza kupata heshima hiyo.

Tarehe 5 Mei mwaka huo huo, Manchester City ilishindania Kombe na Birmingham City katika uwanja wa Wembley. Zikisalia dakika 17 hivi, Trautmann alijitupa miguuni pa mshambuliaji akaumia shingo. Siku zile haikuruhusiwa kumwingiza mchezaji wa badala. Basi alisimama, akadaka mpaka mwisho, na timu yake ikashinda kwa magoli 3 kwa 1. Baada ya siku chache eksirei ilionyesha kwamba shingo ilikuwa imevunjika.

Alipona, akacheza hadi 1964, jumla ya michezo 545. Baadaye alifundisha mpira katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwa mojawapo katika mwaka 1975. Mwaka 2004 Uingereza ilimtunukia nishani ya O.B.E., na mwaka 2013 alifariki nchini Hispania.

Habari ya shingo ndiyo isimuliwayo zaidi. Lakini kama Rabi Altmann asingaliandika, na kama Westwood asingalimpa mkono, huenda Wembley isingalimwona kamwe. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mji ule ulimkubali mtu aliyekuwa adui, nao ukapata golikipa ambaye watu wake walijivunia hata baada ya kufa kwake.