Oyugis: Mji wa Njiapanda na Mabaraza Yake

Msafiri atokaye Kisii kwenda Kisumu kwa barabara kuu huteremka katikati ya migomba na mashamba ya chai. Akisha kwenda zaidi ya kilomita 20 huona nchi ikianza kubadilika. Migomba hupungua, viazi vitamu na mahindi huzidi, hewa huwa na joto kidogo, na salamu za Kigusii huiachia nafasi lugha ya Kijaluo. Hapo ndipo Oyugis, katika nchi ya Kasipul, ambayo leo ni sehemu ya Kaunti ya Homa Bay.

Mji huu ni mtoto wa njiapanda. Barabara moja yapanda Kisii, nyingine yaendelea Sondu na Ahero mpaka Kisumu, na nyingine zashuka upande wa ziwa hadi Kendu Bay na Homa Bay. Zamani, meli za ziwani zilipokuwa zikitia nanga Kendu Bay, mtu wa milimani aliyetaka kufika ufukoni alipita hapa. Siku hizi meli hazingojwi tena, lakini njiapanda imebaki, na kila ashukaye garini huzungukwa na akina mama wenye mabeseni ya ndizi, karanga na viazi vilivyochemshwa.

Upo pia msitu wa serikali katika kilima cha Wire, karibu na mji. Na jambo ambalo wageni wengi hawalitarajii kwa mji ulio mbali na maji ni ndege wakubwa waitwao wari, ambao huja kutaga juu ya miti mirefu karibu na nyumba za watu. Wenyeji wamewazoea. Kelele na uchafu wao huvumiliwa kama vile mtu avumiliavyo shemeji mwenye maneno mengi.

Jina la Kasipul lina maana ya kwa Sipul, kwa kuwa neno «ka» katika Kijaluo huonyesha nyumbani kwa mtu. Kasipul, Kabondo na Karachuonyo hujihesabu kuwa uzao wa Rachuonyo. Watu wa ukoo mmoja huweza kugombana juu ya mpaka wa shamba siku nzima, na jioni wakala pamoja. Habari kubwa za Oyugis, hata hivyo, hazihusu mipaka ya mashamba. Zahusu mahali ambapo mipango ya mji huu huandikwa, na ni nani awezaye kufika hapo kusema neno lake.

Jambo hilo lina historia ndefu. Sheria ya mabaraza ya wenyeji ilipotungwa mwaka 1924, baraza la nchi hii lilikaa Kisii chini ya uenyekiti wa Bwana DC. Wajaluo na Wagusii walikuwa wilaya moja, iliyoitwa South Kavirondo na baadaye South Nyanza. Mnamo mwaka 1950 ilikuja sheria mpya, mabaraza hayo yakaitwa Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika. Katibu wa baraza la South Nyanza alikuwa Paul Mboya, mtu aliyekuwa chifu wa Karachuonyo, mhubiri wa Kanisa la Waadventista wa Sabato, na mwandishi wa kitabu juu ya desturi za Wajaluo kilichochapishwa mwaka 1938. Makarani wa siku hizi wangefanya vema kumkumbuka. Aliweza kuandika muhtasari wa mkutano, na aliweza pia kueleza kwa nini wazee waliketi kwa mpangilio ule na si mwingine.

Kwa mtu wa Oyugis, baraza lililokaa Kisii halikuwa mbali. Aliweza kuondoka alfajiri kwa miguu au kwa baiskeli, akasikilizwa, akarudi nyumbani kabla ya usiku kuwa mwingi. Mwaka 1961 wilaya iligawanywa. Wagusii walipata wilaya yao, na South Nyanza ikapewa makao mapya Homa Bay, kando ya ziwa. Kwa Wajaluo wengi jambo hilo lilikuwa heshima, maana walipata makao katika nchi yao wenyewe. Lakini Kasipul iko ukingoni mwa mashariki, na Homa Bay ni mbali kuliko Kisii. Hivyo ofisi ilikuja nyumbani, na papo hapo ikawakimbia watu wa Oyugis. Wakaendelea kununua bidhaa Kisii na kutibiwa Kisii, bali shauri la barabara yao na soko lao wakalifuata ziwani.

Baada ya uhuru baraza likaitwa la kaunti. Mwaka 1970 serikali kuu ilichukua kutoka kwa mabaraza ya kaunti kazi za shule za msingi, afya na barabara, pamoja na fedha zake nyingi. Yakabaki na masoko, vibali na ushuru. Wazee wengi waliozikumbuka siku za kodi ya baraza walisema kwamba afadhali wakati ule, maana mtu alilipa kwa uchungu lakini aliiona zahanati. Katika miaka ya 1990 wilaya ya Rachuonyo ilikatwa kutoka Homa Bay, ofisi zikaletwa jirani, na Oyugis ikawa na baraza lake la mji. Kwa muda wa miaka kadhaa diwani aliweza kukutwa barabarani na kuulizwa juu ya mtaro uliojaa takataka. Uchaguzi wa Machi 2013 ulipokwisha, mabaraza hayo yote yakafa kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, na mambo yakarudi Homa Bay, safari hii kwa serikali ya kaunti.

Kaunti hiyo ina wadi 40. Katika eneo la Kasipul ziko tano: West Kasipul, South Kasipul, Central Kasipul, East Kamagak na West Kamagak. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kaunti nzima ilikuwa na watu 1,131,950. Mwakilishi mmoja wa wadi, basi, husema kwa ajili ya maelfu mengi ya watu, na wengi wao hawajapata kuuona ukumbi anamosemea.

Katiba yataka wananchi washirikishwe, na sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 yarudia neno hilo kwa urefu. Kila miaka mitano huandikwa mpango mkubwa wa maendeleo, na ule wa sasa ni wa mwaka 2023 hadi 2027. Tena kila mwaka kuna tarehe ambazo kila mkulima angefaa kuziandika ukutani kama aandikavyo siku ya kuzaa kwa ng'ombe wake. Mpango wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa fedha hupelekwa kabla ya tarehe 28 Februari. Makadirio ya matumizi hupelekwa kabla ya tarehe 30 Aprili, na bajeti yapasa kupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni.

Mtu akizitazama tarehe hizo kwa jicho la mkulima wa Kasipul huona shida mara moja. Mwezi wa Februari watu wanalima wakingojea masika. Aprili ni palizi, na mke na mume wote wako shambani tangu mapambazuko. Agosti, kabla ya ile tarehe 1 Septemba, mavuno ya mahindi hayajaisha kuanikwa na vuli yakaribia. Waliotunga ratiba hiyo walifuata mwaka wa fedha, ambao huanza Julai, na hapana shaka hawakuwa na jembe mkononi. Matokeo yake ni kwamba viti vya mkutano hujazwa na wale ambao siku yao haina hasara: vijana wasio na kazi, wazee waliokwisha kupumzika, na wale wenye neno lao la siasa. Mama auzaye viazi sokoni, ambaye ushuru wake ndio unaozungumzwa, hayupo. Akiacha biashara yake siku ya soko, jioni hana unga.

Na habari za mkutano humfikiaje? Gazeti huenda lisifike kijijini. Simu hufika, ila si kila tangazo hupitia humo. Njia iliyo imara zaidi Oyugis ni kanisa. Waadventista husali Jumamosi na Wakatoliki Jumapili. Kwa hiyo karani mwenye busara hupeleka barua mbili, na hatasahau Legio Maria wala makanisa mengine yaliyozaliwa katika nchi hii ya Nyanza. Baada ya ibada katibu husimama, husoma majina ya wagonjwa, ndoa zitangazwazo, michango ya mazishi, kisha barua ya chifu au ya msimamizi wa wadi. Akiisoma kwa Kiingereza kama ilivyoandikwa, watu huanza kutafuta viatu vya watoto. Akiieleza kwa Kijaluo, husikilizwa.

Parokia zenyewe zina jambo ambalo serikali ingeweza kulitazama. Tangu miaka ya 1970 Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki wamejipanga katika jumuiya ndogo ndogo, na Jimbo la Homa Bay, lililoundwa mwaka 1993, lafuata njia hiyo. Nyumba chache za jirani hukutana, husali, kisha husema juu ya mjane ambaye paa lake linavuja au darasa la shule lisilo na madirisha. Shauri hupanda kutoka hapo mpaka baraza la parokia. Fedha zikisha kukusanywa, kiasi kilichotolewa na kila jumuiya husomwa mbele ya watu wote, senti kwa senti, na jumuiya iliyochelewa huona haya. Baadaye husomwa bei ya saruji na ujira wa fundi. Si kwamba parokia hazina ugomvi. Wapo waulizao kwa nini fundi ni mpwa wa mwenyekiti. Lakini swali hilo huulizwa hadharani, na mwenyekiti hana budi kujibu akiwa amesimama.

Katika mambo ya kaunti, mtu wa Oyugis hulipa ushuru wake asubuhi na kupewa risiti, kisha hasikii tena habari za fedha ile. Hapo ndipo uchungu ulipo, kuliko katika ukubwa wa ushuru wenyewe.

Mfano mzuri ni gunia la viazi vitamu. Kabondo, upande wa Sondu, ni nchi ya viazi ijulikanayo hata Nairobi, na malori hufika huko kuvichukua. Mnunuzi hapendi gunia la kawaida. Hutaka lumbesa, yaani gunia lililoongezwa kofia ya wavu juu yake mpaka likawa kama mwanamke aliyebeba mtungi. Bei hubaki ya gunia moja. Mkulima hupoteza viazi vya ile kofia. Na kwa kuwa ushuru wa mazao hutozwa kwa gunia, hazina ya kaunti nayo hupoteza. Wakulima na watoza ushuru, ambao husalimiana kwa macho makali kila asubuhi, wana adui mmoja katika jambo hili. Mizani mahali pa kupakia ingeweza kulimaliza, lakini mizani hugharimu fedha, na ili inunuliwe lazima mtu aitaje katika mkutano ule wa Aprili, wakati wa palizi.

Neno linalosikika sana Oyugis katika miaka hii ni manispaa. Sheria ya miji ya mwaka 2011, kama ilivyorekebishwa mwaka 2019, yasema kwamba mahali penye watu 50,000 pawezapo kupewa hati ya manispaa, na penye 10,000 pawezapo kuwa mji. Manispaa huongozwa na bodi ya watu tisa. Wenye maduka wapenda shauri hilo, maana watarajia taa, mitaro na kituo cha magari kilicho na nafasi. Wenye mashamba yanayopakana na mji wana hofu. Wao huuliza kama shamba la babu litatozwa kodi ya kiwanja, na kama mtu aweza kukatazwa kufuga ng'ombe mahali ambapo ng'ombe walikuwako kabla ya duka la kwanza kujengwa. Yote mawili ni maswali ya haki, na jibu halipatikani katika hati peke yake. Hupatikana kwa kutazama nani watakaa katika ile bodi, na watakutana wapi.

Siku ya mkutano ikifika, hema hufungwa uwanjani na viti vya plastiki hupangwa. Maofisa huja na karatasi, nao huchelewa kidogo. Mzee mmoja husema juu ya daraja lililochukuliwa na maji, mwingine juu ya zahanati isiyo na dawa, na kijana mmoja husema kwa muda mrefu kuliko wote. Mara kwa mara huonekana mama akija mbio kutoka sokoni, kanga yake ingali na vumbi la viazi, akiwa amemwachia jirani biashara yake kwa nusu saa. Husimama nyuma, huinua mkono, na akipewa nafasi huuliza choo cha soko kitajengwa lini, kwa kuwa kilitajwa mwaka uliopita na mwaka wa kabla yake. Karani huandika neno lake. Kisha mama huyo hugeuka na kurudi haraka, kabla lori la Nairobi halijaondoka.