Barua kutoka Leicester: Dirisha Linalokula Mshahara

Mpendwa mdogo wangu,

Picha za nyumba ya Kigamboni nimezipata. Ukuta umepanda vizuri, hongera. Umeniuliza mambo mawili: mbona kila ikifika Januari mchango wangu unapungua, na wewe uweke madirisha ya namna gani. Nitakujibu yote mawili kwa pamoja, maana huku nilipo hela ya Januari inatokea dirishani.

Desemba hapa Leicester, England, jua huchomoza saa mbili asubuhi imeshapita, na kabla ya saa kumi jioni limezama. Nje ni nyuzi 5, siku nyingine sifuri. Ndani unataka nyuzi 20 ili watoto waandike kazi za shule bila kuvaa makoti, na tofauti hiyo yote inalipiwa. Nyumba nyingi za mitaa yetu ni za matofali, zimeshikana ukuta kwa ukuta, zilijengwa enzi za Malkia Victoria wakati vyumba vikipashwa joto kwa moto wa makaa. Siku hizi boila la gesi linachemsha maji, maji yanazunguka kwenye mabomba mpaka kwenye radieta zilizowekwa chini ya madirisha, na mita inahesabu. Gesi tunauziwa kwa uniti kama umeme, na uniti moja sasa ni kama pensi 6.

Dirisha huku lina namba yake, wanaiita thamani ya U. Inakueleza ni wati ngapi za joto zinatoroka katika kila mita moja ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Dirisha la kizamani la kioo kimoja ni kama 5. La vioo viwili, kanuni za ujenzi za England tangu Juni 2022 zinataka jipya linalochukua nafasi ya la zamani lisizidi 1.4, au liwe na daraja B kwenda juu kwenye lebo yake. La vioo vitatu hufika 0.8. Sasa chukua dirisha la mita moja na nusu ya mraba, nje nyuzi 5, ndani 20. Kioo kimoja kinamwaga nje wati 112 na nusu saa zote. Vioo viwili vinamwaga 31 na nusu. Vitatu, 18.

Hapo ndipo wauzaji wanapopatia ulaji. Ukitoka kioo kimoja kwenda viwili umeokoa wati 81. Ukitoka viwili kwenda vitatu umeokoa 13 na nusu tu, na bei imepanda. Kule Skandinavia ambako barafu haiondoki upesi, kioo cha tatu kina kazi. Hapa, mtu akikazania vitatu kwa nyumba nzima, muulize hesabu.

Hata hivyo vioo viwili navyo vina hesabu yake. Nyumba yenye madirisha manane ya kioo kimoja, boila likiwaka usiku na mchana kwa miezi sita, itaokoa uniti zisizofika 3,000, yaani chini ya pauni 200 kwa mwaka. Na hakuna mtu wa mshahara wa kawaida anayewasha boila usiku na mchana. Kubadilisha madirisha manane ni maelfu ya pauni. Piga mwenyewe, utaona hela inarudi baada ya miaka mingapi. Kwa hiyo ninachowaambia wenzangu huku ni hiki: usibadilishe dirisha zima kwa ajili ya bili peke yake. Libadilishe likioza au likishindwa kufunga, na siku hiyo chagua kwa akili. Kabla ya hapo, zuia upepo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa England ukiuacha unaletewa ankara. Kwenye nyumba zetu kuukuu baridi haipiti kwenye kioo peke yake, inapenya pia kati ya fremu na ukuta, na pale dirisha linapokutana na kizingiti chake. Jirani yangu ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Jinja, aliyefika hapa mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda. Kiswahili hajakiacha. "Binti, upepo kwanza, kioo baadaye," ndiyo kauli yake. Kila Novemba anabandika utepe wa gundi ya pande mbili kuzunguka fremu ya mbao, anatandaza nailoni nyembamba inayoona, kisha anachukua mashine ya mkewe ya kukaushia nywele na kuipitisha polepole kutoka pembeni kuja katikati. Mikunjo yote inajinyoosha, nailoni inakaza mpaka ukiigonga kwa kidole inalia. Asubuhi kioo cha nje kimejaa jasho, nailoni ya ndani haina hata tone. Gharama yake ni pauni chache, na mpangaji anaibandua akihama. Hilo ni jambo kubwa kwetu, maana wengi tunapanga na hatuna ruhusa ya kung'oa dirisha la mwenye nyumba. Mpangaji anachoweza kufanya kabla hajachukua funguo ni kuomba cheti cha nishati cha nyumba. Kisheria nyumba ya kupangisha isishuke chini ya daraja E, isipokuwa imepewa msamaha maalumu.

Tuseme sasa dirisha limeoza kweli na unanunua jipya. Vioo viwili vinafanya kazi kama chupa ya chai: kati yao pana nafasi, mara nyingi milimita 16, iliyojazwa gesi ya argoni ambayo joto hupita kwa shida zaidi kuliko kwenye hewa ya kawaida. Kisha upande mmoja wa kioo umepakwa utando mwembamba sana wa madini, aghalabu fedha, usioonekana kwa macho. Mwanga unapita, lakini joto la radieta linarudishwa chumbani. Utando huo unaweza kuuhakikisha bila fundi. Usiku washa kiberiti cha gesi karibu na dirisha la vioo viwili, utaona miali minne imejipanga ndani ya kioo. Mmoja ukiwa na rangi tofauti na wenzake, utando upo. Yote ikiwa rangi moja, umeuziwa vioo vitupu. Na vioo vya zamani vikiingia ukungu katikati, mpira wake umechoka. Badilisha vioo, fremu iache ilipo. Anayekwambia lazima ung'oe kila kitu anataka kukuingiza mjini.

Madirisha ya huku hubandikwa lebo ya daraja, kuanzia A++ kushuka hadi E. Daraja hilo linachanganya mambo matatu: joto linalotoroka, joto la jua linaloingia, na upepo unaopenya. Ndiyo sababu lebo peke yake haitoshi. Jua la baridi huku hukaa chini upande wa kusini, kwa hiyo dirisha la kusini litafutie kioo kinachopokea jua, na la kaskazini lisilopata jua hilo litafutie namba ndogo ya U. Muuzaji anayekuja sebuleni na punguzo la nusu bei "ukisaini leo tu", mwache anywe chai aende zake. Muhimu zaidi ni fundi awe amesajiliwa, kwa mfano na FENSA, akuachie cheti. Siku ya kuuza nyumba, mwanasheria wa mnunuzi atakiulizia.

Kuna jambo la mwisho watu wetu huku hawalipendi. Ukishaziba kila tundu, mvuke wa pilau na wa nguo tunazoanika juu ya radieta hauna pa kutokea. Unageuka matone ukutani, na kuvu nyeusi inaota nyuma ya kabati. Katika mji wa Rochdale, hapa hapa England, Desemba 2020, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak alifariki, na uchunguzi rasmi ulieleza kwamba kuvu ya kwenye nyumba waliyopangishwa ndiyo iliyoharibu njia yake ya hewa. Tangu Oktoba 2025 sheria yenye jina lake inawabana wapangishaji wa nyumba za jamii kushughulikia unyevu na kuvu kwa muda uliowekwa. Kwa hiyo dirisha jipya likija na kitundu chembamba cha hewa juu ya fremu, usikizibe kwa gazeti. Kiache wazi, na unapopika washa feni ya jikoni.

Haya, Kigamboni. Wewe shida yako ni kinyume cha yangu: unataka joto litoke na jua lisiingie. Usihangaike na vioo viwili. Mchana jua letu liko utosini, linaloumiza ni la asubuhi na la jioni, kwa hiyo madirisha ya mashariki na magharibi yafanye madogo na uyatolee paa refu la kivuli. Makubwa yaelekeze kaskazini na kusini, upepo wa kaskazi na wa kusi uvuke nyumba kutoka upande hadi upande. Kama utafunga kiyoyozi chumba kimoja, hapo ndipo uulize kioo kinachozuia jua, tena kwa chumba hicho tu. Na yale madirisha ya alumini ya kusukuma ambayo kila fundi wa Dar anayasifia, yapime kabla hujalipa: likifunguliwa lote, nusu yake bado imefungwa na kioo cha pili. La bawaba linafunguka zima. Mwambie fundi akupe bei ya yote mawili kwa tundu lile lile la ukuta, uniandikie.



Dada yako,
Leicester