Mlango wa Ng'ombe Katika Moyo wa Mdogo Wangu

Wengi mmekuwa mkiniuliza khabari za mdogo wangu, kama amepona. Huwajibu "alhamdulillahi, mzima", na kila nikisema naona halitoshi, maana kwa upasuaji aliofanyiwa yeye, neno kupona lina mambo mengi ndani yake. Leo nakaa kitako niyaeleze, khasa kwa wenzetu walio katika umri wa kuzaa.

Mshipa mkuu unaotoa damu moyoni huitwa aota. Pale unapoanzia kuna shina lake, na ndani ya shina kuna mlango, wenyewe madaktari wanauita valvu. Mlango huo kwa kawaida una vibawa vitatu. Mdogo wangu kazaliwa na viwili. Si jambo la ajabu, katika kila watu 100 mmoja au wawili huwa hivyo, na wengi wanaishi bila kujua. Kwake ulikuwa unavuja, na shina lenyewe limetanuka mpaka sentimita 5.6, wakati kwa watu wazima wengi huwa chini ya 4. Likifika 5.5 madaktari hupendekeza libadilishwe hata kama mtu hasikii maumivu, kwa sababu ukuta wake unaweza kuchanika, na likichanika wengine hawafiki hata hospitali. Yeye alikuwa na miaka 29, ana mwaka mmoja wa ndoa, na kilichompeleka kupimwa ni kuchoka akipanda ngazi.

Upasuaji wenyewe hukata shina lote pamoja na mlango, ukawekwa mrija wa kitambaa maalumu wenye mlango mpya ndani, kisha mishipa miwili inayoulisha moyo wenyewe ikaunganishwa upya kwenye mrija ule. Hugh Bentall na Antony De Bono waliueleza mwaka 1968, na jina la Bentall ndilo mtakalolikuta kwenye karatasi za hospitali.

Kazi ilikuwa kuchagua mlango. Kuna huo tunaouita wa chuma, ingawa wa siku hizi ni wa kaboni. Hauchakai upesi, na kwa mtu wa chini ya miaka 50 madaktari wengi huelekea huko. Lakini ukiwekewa huo, unakunywa wafarini ya kuzuia damu kuganda mpaka kufa kwako, na damu inapimwa mara kwa mara, na mchicha na kisamvu unavila kwa kipimo kile kile, si leo sufuria kesho hakuna. Yeye anaishi Pemba, shamba, na kipimo hicho hukipati kila kituo cha afya. Tena kuna jambo ambalo hatukuambiwa mpaka tulipouliza wenyewe: wafarini huweza kuifanya hedhi iwe nzito na ndefu, na mwanamke anayeswali anajua hilo linamgusa wapi. Na mimba! Dawa hiyo huvuka kwa mtoto, na khatari ya kumlemaza ni kubwa zaidi kuanzia wiki ya 6 mpaka ya 12, pengine mama hajajijua bado.

Mlango wa pili ni wa tishu ya mnyama, ng'ombe au nguruwe. Hapo nyumba ikawaka moto. Mama akasema nguruwe haingii kifuani mwa mwanawe. Shangazi naye akauliza huyo ng'ombe kachinjwa na nani. Tukenda kwa sheikh wetu, mtu mpole, akatusikiliza mpaka mwisho. Akasema wanazuoni wengi wanaruhusu hata wa nguruwe panapokuwa na dharura, kwa sababu uhai unatangulia, lakini kama wa ng'ombe upo na daktari anaridhika nao, basi tuchukue huo tukalale. Ngozi ile inayozunguka moyo wa ng'ombe ndiyo inayoshonwa kuwa vibawa. Hutiwa dawa kwanza, njia aliyoianzisha Alain Carpentier huko Paris mwishoni mwa miaka ya 1960, ikawa si nyama hai tena. Ndiyo maana mtu hahitaji dawa za kuushusha ulinzi wa mwili kama aliyepandikizwa figo.

Akachagua wa ng'ombe. Alikunywa wafarini miezi mitatu tu, kisha asprini ndogo. Mwaka wa pili daktari alimruhusu kubeba mimba, huku sehemu ya aota iliyobaki ikipimwa kila baada ya muda, na leo mtoto anatambaa na kuvuta mapazia.

Lakini bei yake ipo, na sipendi ifichwe. Mlango wa tishu unachakaa. Kwa mtu wa miaka 70 unaweza kumfikisha. Kwa kijana mwili huutia chokaa upesi zaidi, na mdogo wangu kaambiwa ahesabu miaka 10 mpaka 15, pengine pungufu. Kufunguliwa kifua mara ya pili ni kazi nzito zaidi kuliko ya kwanza, kwa kuwa makovu yameshashikana. Siku hizi baadhi ya watu huwekewa mlango mpya ndani ya ule wa zamani kwa kupitia mshipa wa pajani, lakini wa kwanza uwe na nafasi ya kutosha. Kwa hiyo kabla hujatia saini, uliza watakuwekea wa ukubwa gani, na uandikiwe kwenye karatasi. Na meno, jamani, asing'olewe jino bila ya daktari wa meno kujua kuna mlango wa bandia, maana wadudu wa kinywani wakifika kwenye mlango ule ni balaa jengine.

Hali ya vibawa viwili hufuata ukoo. Mimi na kaka zetu wawili tulipigwa picha ya moyo Dar. Mimi niko salama, kaka mdogo anavyo viwili na shina lake bado halijatanuka. Atakuwa anapimwa.

Mwezi uliopita mlango wa mdogo wangu ulionekana unafunguka vizuri, na unavuja kidogo tu. Atarudi baada ya mwaka. Nyumbani kwake kuna kibubu cha mbao juu ya kabati, kila akiuza vitumbua hutia chochote. Mama anadhani ni cha Hijja.